Ini la Kushoto

Maktaba ya chuo kikuu ilipoamua kuwafungulia milango wanafunzi wasioona na wanaotumia viti vya magurudumu, ilianza na saruji. Ngazi za mbele zilipata mteremko, mlango wa choo ukapanuliwa, meza nne zikainuliwa ili kiti kiweze kuingia chini yake. Kisha stoo ya magazeti ya zamani ikabandikwa magodoro ukutani, ikawekwa meza na kinasa sauti, ikaitwa Chumba cha Sauti. Kilichobaki ni kumpata mwenye sauti.

Mkutubi mkuu alimchagua mshona vitabu. Ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili, ambaye kwa miaka kumi na tisa amekaa kwenye karakana ya nyuma akivirudishia majalada vitabu vilivyochakaa. Jina lake halisi liko kwenye faili tu. Wenzake wanamwita Mama Redio, na ana barua tatu za onyo kwa kuongea kwa sauti ndani ya maktaba.

"Sasa nakuomba uongee," mkutubi alimwambia.

"Bosi, hiyo si kazi. Hiyo ni likizo."

Msikilizaji wake wa kwanza alikuwa binti wa mwaka wa kwanza anayesomea tiba ya viungo, asiyeona tangu utotoni, mwenye fimbo nyeupe na ulimi mwepesi. Mama Redio alimwita Daktari kabla hajafaulu somo hata moja. Kitabu chenyewe kilikuwa cha umbile la mwili, kinene kama tofali. Alikisoma kwa saa mbili kila asubuhi mbele ya kinasa sauti, na kila alipofika kwenye mchoro alisema, "Hapa kuna picha," kisha akaendelea.

Wiki ya pili Daktari alimfuata karakanani. "Mama, wewe unanipeleka sokoni halafu unaniambia hapa kuna nyanya. Ziko wapi? Kubwa? Zimeoza?"

Mama Redio alicheka mpaka akaangusha brashi ya gundi. Tangu siku hiyo alianza kuzisoma na picha. Alieleza kila kiungo kilivyokaa, juu ya nini na chini ya nini, kushoto au kulia. Picha ishirini na tatu. Hakuna aliyemfundisha. Alijiona ameipata kazi aliyoumbiwa.

Jaribio la muhula lilifanyika kwa vitendo. Mtu alilazwa kitandani, na kila mwanafunzi aliambiwa aweke mkono kwenye kiungo atakachotajiwa. Daktari alipata ishirini na saba kwa mia. Mhadhiri alimwambia, bila ubaya wowote, kwamba akishindwa tena kwenye mtihani wa mwisho atatolewa kwenye kozi, na kwamba pengine somo lenye picha nyingi hivyo halikuwa lake. Mtihani ulikuwa baada ya siku tisa.

Daktari alikuja karakanani akabaki amesimama.

"Mama, ini liko wapi?"

"Kushoto, chini ya mbavu."

"Wengu?"

"Kulia. Si nilikusomea?"

"Ulinisomea. Nikamwekea yule mtu mkono kushoto, darasa zima likacheka. Mhadhiri akaniuliza kama mgonjwa wangu amezaliwa kinyumenyume."

Mama Redio alifungua kitabu. Ini lilikuwa palepale, upande wa kushoto wa ukurasa, kubwa, limepakwa rangi ya kahawia. Aligeuza kurasa mbili, akarudi.

"Moyo je? Moyo ulipata?"

"Moyo nilipata."

Hapo mshona vitabu aliutafuta ukurasa wa moyo. Moyo kwenye picha ulikuwa umeelekea kulia. Alikumbuka vizuri asubuhi ile: alidhani mchoraji amekosea, akamsahihisha mwenyewe, kwa sababu nani asiyejua kwamba moyo uko kushoto? Vingine vyote aliviacha vilivyo.

"Sijui nimekosea wapi," alisema, na kwa mara ya kwanza Daktari alilazimika kuinamisha kichwa ili amsikie. "Lakini mkosaji ni mimi. Si wewe."

Alimwambia mkutubi hivyohivyo, siku ileile, akiwa amesimama. Mkutubi alitaka kutafuta msomaji mwingine, mwenye elimu ya tiba. Mama Redio aliomba mpaka Jumatatu.

Jumapili mchana alikiweka kitabu mezani nyumbani na kumsimulia mumewe, fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Mumewe alifuta miwani, akaiangalia picha.

"Huyu amesimama uso kwa uso na wewe."

"Nani?"

"Huyu wa kwenye picha. Ni mteja. Mteja akisimama mbele yangu nimpime, mkono wake wa kulia uko kushoto kwangu. Mwaka wangu wa kwanza nilimshonea mtu koti, mfuko wa kifuani ukawa kulia. Hukumbuki? Alikuja kunitukana tukiwa na mgeni."

"Lala chini," mkewe alisema.

"Mke wangu, mchana huu?"

"Lala, baba, acha utani."

Alilala chali kwenye mkeka. Mkewe akamwekea kitabu juu ya tumbo, kichwa cha picha kikielekea kichwa chake, na kila kitu kikaangukia mahali pake: ini upande wake wa kulia, wengu kushoto, kidole tumbo kulia chini karibu na nyonga. Alifuata picha moja baada ya nyingine akimgusa kwa kidole na kuandika pembeni kwa penseli. Mumewe alivumilia picha zote ishirini na tatu. Ya kumi na tisa ilimtekenya.

"Kwa hiyo mchoraji hakukosea moyo," alisema mkewe.

"Hakukosea. Ila na wewe hukukosea. Ulibahatisha."

Jumatatu mkutubi alimruhusu, akaanza kurekodi upya. Kila picha aliianza kwa maneno yaleyale: "Huyu mtu anakutazama. Kulia nitakakotaja ni kulia kwake." Daktari alisikiliza akiwa humohumo katika Chumba cha Sauti, vidole vyake vikitembea juu ya mbavu zake mwenyewe, na penye shaka aliinuka akaushika mwili wa mama huyo, begani, ubavuni, kiunoni. Wafanyakazi waliopita mlangoni walidhani anapimwa nguo.

Siku ya mtihani Mama Redio alishona kitabu kimoja mara mbili na kukifumua mara mbili. Saa nane alisikia fimbo kwenye korido. Daktari aliingia, akatafuta kiti kwa mguu, akakaa.

"Sabini na moja."

Mama Redio aliiweka sindano mezani.

"Mama? Upo?"

"Nipo."

"Mbona kimya?"

"Nalia, usinisumbue."

Binti alinyoosha mkono, akaupata uso wake, akaufuta machozi kwa kiganja, upande mmoja kisha wa pili. Kisha akafungua begi, akatoa kitabu kingine na kukiweka kwenye meza yenye gundi.

"Mishipa ya fahamu," alisema. "Wameniambia kina picha mia mbili na kumi."

Mama Redio alikivuta kutoka kwenye gundi kabla hakijaganda, akalipangusa jalada kwa aproni yake, na kukifungua ukurasa wa kwanza.