Nyota Zilizopakwa Juu ya Mtoto Wangu

Mzee wangu, baba wa wanangu, alipofariki, mjukuu wangu aliniomba picha ya kutengenezea bango la mazishi. Nilikuwa na moja tu, ya karatasi, iliyopigwa hapa nyumbani Bura, chini ya mlima. Mzee amesimama mbele na koti lake. Nyuma ya bega lake ni jirani yetu, amembeba mtoto wangu wa kwanza. Mtoto huyo hakufikisha mwaka. Hana picha nyingine duniani.

Mjukuu ana duka Voi, la picha za kompyuta. Siku moja kabla ya kuzika akaja na bango, akalikunjua uani. Shemeji yangu akasema, "Aisee, kazi safi!"

Nikatazama. Mzee wangu amekatwa, amewekwa peke yake kwenye mbingu nyeusi, nyota zimemzonga kama nzige.

"Watu wa nyuma wako wapi?"

"Nyanya, huko nyuma kulikuwa kuchafu. Kuku, sufuria, mbuzi. Nikafuta. Hizi nyota nimepaka moja moja na brashi ya kompyuta, halafu nikaziongezea mwangaza. Ona hapa kwa kichwa!"

"Na mtoto?"

"Mtoto gani?"

Mimi jina la kila aliye kwenye picha ile ninalo kichwani, hata la mbuzi. Yeye ananiuliza mtoto gani!

"Kaka mkubwa wa baba yako! Umemfuta pamoja na kuku na sufuria!"

Shemeji akaingilia. "Mama, tuko msibani. Siku hizi kila mtu anawekewa nyota."

"Nyota za wapi? Mwezi huu hapa ni ukungu, hata mlima hauonekani! Na ndugu yako alikuwa analala mapema kuliko hao kuku!"

Wageni wakacheka. Mimi sikucheka. Kutengeneza lingine, mjukuu akasema, haiwezekani, tunazika kesho.

"Basi nipe picha yangu."

Asubuhi bango lilipotundikwa kwenye hema, nilichomoa pini ya leso yangu, nikaibana ile picha ndogo begani pa mzee, palepale alipokuwa mtoto.

"Nyanya, unaharibu kazi," mjukuu akanong'ona.

Watu walipokuja kumuaga mzee, waliona kitu kidogo kimebanwa, wakainama kukitazama. Kila aliyeinama nilimtajia jina la mwanangu, kwa sauti. Hata mchungaji.

Mjukuu aliinama wa mwisho. Yeye nilimtajia, nikamwambia alirudie.