Mama Tuhfa wa Mlango wa Wanawake

Ukimwita Mwanakhamis binti Shaame, hujamaliza kulitamka jina, keshaitika "Abee!" na keshasimama. Hakuweza kuitika amekaa. Mguu ulitoka kwenye cherehani, kitambaa kikabaki chini ya sindano, naye huyo ukingoni mwa baraza akitazama huku na huku kumtafuta mwenye sauti. Mara nyingi hakuwa ameitwa yeye. Watoto wa mtaa wa Makorora walilijua hilo wakaligeuza mchezo: walijificha nyuma ya ukuta, wakaita "Mama Tuhfa!" kisha wakachungulia kumwona anavyoinuka. Alijua kuwa ni wao. Aliinuka vilevile.

"Mama yangu kule Pemba ndivyo alivyotufunza," aliniambia. "Mtu akikuita, hujui ana nini."

Nilipanga chumba kwake mwaka themanini na tano, nilipotoka chuoni na kupangiwa kufundisha shule ya msingi mjini Tanga. Kwetu ni Muheza, na mjini sikuwa na ndugu. Yeye alikuwa mjane mwenye binti mmoja, huyo Tuhfa, na alinipokea kama wa pili. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaniuliza nimeota nini, kisha akatangulia kutoka, kwa kuwa alipenda kufika barazani kabla duka halijafunguliwa.

Duka lilikuwa la vitambaa, la Mhindi mmoja wa Kibohora aitwaye Hakimuddin. Mama Tuhfa hakuwa mwajiriwa wake. Kwa desturi ya mji wetu, fundi huweka cherehani yake kwenye baraza la duka; mteja hununua kitambaa ndani, akatoka nacho nje kushonewa. Lakini katika miaka ile ya dhiki vitambaa vilikuwa havionekani. Rafu zilibaki na majora ya khaki na vumbi, na wawili hao walishinda wakitaniana kwa kukosa kazi.

"Mama Tuhfa, cherehani yako inakohoa kuliko mimi."

"Ina kiu ya mafuta, Baba Sabiha. Na mafuta umeyaficha chini ya meza."

"Nyamaza wewe! Askari wakisikia watanichukua!"

"Wakuchukue. Nitashona pazia la jela."

Sabiha alikuwa binti wa mwisho wa Hakimuddin, mwenye miaka kumi na saba. Alikulia miguuni pa Mama Tuhfa, akiokota vipande vya kitambaa vilivyoanguka, na hapohapo barazani alijifunza nyimbo za taarabu ambazo nyumbani kwao hazikuimbwa. Wateja walisimama kumsikiliza. "Ndugu zangu, huyu Mhindi au Mpemba?" wangeuliza, naye Mama Tuhfa angejibu kwamba ni mali ya baraza, na baraza haliulizwi kabila.

Mwaka themanini na saba bidhaa zilianza kurudi. Majora yalijaa tena hadi dari, na pamoja na vitambaa zikarudi starehe. Kombo, mtu aliyekuwa akileta mchele na redio, sasa alianza kuleta muziki. Akatangaza kwamba kikundi kikubwa cha taarabu kutoka Unguja kingepiga, si ukumbini kama tulivyozoea, bali kwenye uwanja wa mpira. Gari lenye spika lilizunguka mitaa yote tangu asubuhi. Mji uliokaa miaka mingi bila sukari wala sabuni ulijiona umealikwa harusini.

Kwa heshima ya taarabu, Kombo alisema wanawake watakuwa na mlango wao, na mlangoni atakaa mwanamke. Askari hawezi kumsukuma mke wa mtu. Akamwomba Mama Tuhfa, kwa kuwa ukumbini ndiye aliyekuwa akisimamia upande wa wanawake kila sikukuu. Hakimuddin alipobembelezwa na bintiye amruhusu kwenda, alikataa, akakataa tena, mwisho akatoka barazani mikono nyuma.

"Mama Tuhfa, utakuwa mlangoni mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Basi nakupa amana. Nikifunga duka kaka yake Azim atamleta. Ataingia kwa mlango wako, hatapita pengine."

"Nimeipokea, Baba Sabiha."

Mimi nilikuwa ndani siku ile, mbali, karibu na jukwaa, na Tuhfa kando yangu. Uwanja una malango makubwa, lakini Kombo aliyatia kufuli yote ili asiingie mtu wa bure. Aliacha milango miwili tu: mmoja wa wanaume, na kile kimlango cha chuma cha wanawake, chenye komeo kwa ndani. Funguo za malango alikuwa nazo kijana wake mmoja, ambaye alikwenda kukaa na wageni wa heshima. Tiketi zilikuwa zimeuzwa madukani mji mzima, na hakuna aliyejumlisha ni ngapi. Kufikia alasiri uwanja ulikuwa umejaa, na huko nje watu wenye tiketi mkononi walikuwa bado wanateremka kutoka kwenye mabasi ya Muheza na Pangani.

Muziki ulichelewa. Magharibi ilipoadhiniwa wapigaji ndio kwanza walikuwa wakikaza nyuzi. Fidla ya kwanza iliposikika, walio nje waliona wameibiwa. Mlango wa wanaume ulikuwa umeziba, hauendi mbele wala nyuma, nao wakageukia ule wa wanawake. Kombo akatuma mtu mbio: "Funga! Wanaume wanakuja, watawavamia wanawake!" Mama Tuhfa akasukuma komeo.

Sisi tulio mbele hatukujua lolote. Tuliimba. Mwimbaji alipomaliza wimbo wa pili ndipo tulipoona watu wa pembeni wamesimama wakitupa mgongo.

Waliokufa nje ya mlango ule walikuwa watatu, na Sabiha mmoja wao. Hawakupigwa wala kukanyagwa. Walibanwa kwenye chuma na waliokuwa nyuma yao, ambao nao walikuwa wakisukumwa na wengine wasiojua kuna nini mbele. Funguo za malango zilipatikana wakati watu wamekwisha kuvunja ukuta.

Siku ya tatu baada ya maziko, Mama Tuhfa alikwenda barazani. Nilitaka kumsindikiza, akanikatalia. Jioni alirudi, akachukua ungo wa mchele, akaanza kuchagua mawe, na huku akichagua akanieleza. Hakimuddin alimkuta amekaa mbele ya cherehani bila kushona. Hakumlaumu. Alisimama mlangoni pa duka akamuuliza neno moja tu.

"Alikuita?"

"Sikumsikia, Baba Sabiha. Kelele zilikuwa nyingi."

Hakimuddin akatikisa kichwa taratibu. "Alhamdulillahi," akasema. "Basi hakupata muda wa kuogopa." Akaingia ndani.

Mama Tuhfa aliuweka ungo chini. "Nimemdanganya," alisema. "Aliniita, mwanangu. Sauti yake naijua kuliko cherehani yangu. Alisema, Mama Tuhfa, ni mimi, nifungulie. Nikamwitikia, abee. Nikamwambia, ngoja kidogo, watapungua. Nilidhani watapungua. Nikifungua, nao wote wataingia, na wanawake wamejaa mle hata pa kuweka mguu hapana. Akaita tena. Kisha hakuita."

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na vitabu vya chuo havikuwa na jambo la namna ile.

Kombo alihojiwa, akalala rumande siku chache, akatoka. Alisema mlango ulifungwa na mama wa mlangoni. Ni kweli, mkono ulikuwa wake. Wako walioacha kumpelekea nguo. Hakimuddin hakumwondoa barazani. Alimwagiza chai kama zamani, akamuuliza habari za Tuhfa, akampa kazi ya kushona foronya wateja wengine walipopungua. Utani ndio uliokufa. Naye Mama Tuhfa aliendelea kumwita Baba Sabiha, maana asingeweza ghafla kumwita kwa jina jingine.

Kumwambia ukweli: hilo ndilo lililomla. Alisema uongo ule ulikuwa wa huruma, lakini amana hairudishwi kwa uongo. Kila mwezi wa Shaabani, watu wanapotakana radhi kabla ya mfungo, alivaa leso mpya akaondoka asubuhi na nia kamili. Kila mara alirudi nayo. Mwaka mmoja alifika kinywani kabisa. Alikwishasema, "Baba Sabiha, nina jambo," mteja akaingia, mama wa makamo aliyefiwa na mwanawe, na Hakimuddin akaanza kumfariji.

"Wangu mimi Mungu alimhurumia," alimwambia. "Hata kuita hakuita. Muulize huyu, alikuwepo."

Yule mama akageuka kumtazama.

"Ndiyo," alisema Mama Tuhfa. Baadaye aliniambia kwamba uongo wa kwanza aliusema kwa ajili ya Hakimuddin. Wa pili hakujua ni kwa ajili ya nani.

Nilihamishiwa Mwera, wilaya ya Pangani, nikawa namtembelea wakati wa likizo. Mitumba ilikuwa imeingia. Nguo zilimwagwa chini kwenye magunia, shati zima kwa bei ya vifungo, na hakuna aliyetaka jora wala fundi. Mwaka tisini na tano Hakimuddin aliuza alichoweza akaamua kumfuata Azim, aliyekuwa na duka la vipuri Mombasa. Mama Tuhfa alikuwa ameanza kuvimba miguu. Alikwenda kumuaga hivyohivyo, akajikokota, kwa kuwa alijua hakuna Shaabani nyingine.

Duka lilikuwa tupu. Alimkuta amekaa juu ya kasha, kofia yake nyeupe ya nakshi za dhahabu magotini. Yote haya alinisimulia mwenyewe nilipofika Disemba.

"Baba Sabiha, nisikilize wala usinikatize. Aliniita. Nilimsikia. Nilimwambia angoje."

Hakimuddin aliizungusha ile kofia.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Azim alikuwa ng'ambo ya barabara. Alimsikia dada yake analitaja jina lako, akashindwa kupenya. Aliniambia siku ileile."

"Mbona uliniuliza?"

"Nilitaka mtu mmoja aniambie hapana. Wewe ukaniambia." Kisha akasema, "Na mimi nina langu. Tiketi za Kombo ziliuzwa hapa, juu ya meza hii. Zilipokwisha akaleta nyingine, nikauza. Akaleta tena. Nilimuuliza, uwanja utatosha? Akacheka. Nikauza. Waliomsukuma mwanangu, Mama Tuhfa, wengine nimewapa tiketi kwa mkono wangu."

"Ukakaa nalo miaka yote hii?"

"Nilikuwa nangoja unilaumu. Wewe unashona tu."

Walikaa mpaka Azim alipokuja na gari. Hakimuddin akamtaka radhi, naye akamtaka radhi, kama desturi ilivyo, ila safari hii kila mmoja alijua anaombwa nini. Mama Tuhfa aliniambia kwamba alirudi nyumbani kwa miguu, na miguu haikumuuma. Kesho yake ilimuuma tena.

Nilidhani angekuwa amepumzika. Uso wake ulikuwa mwepesi zaidi, hilo ni kweli. Alikula, akaniuliza kama huko Mwera wameshindwa hata kunipatia mume. Lakini tulipokuwa tumekaa uani lilipita gari lenye spika, likitangaza dansi la mwaka mpya uwanjani, bendi mbili, tiketi zinapatikana madukani. Akaigeukia ile sauti hadi ikapotelea upande wa sokoni. Mwandaaji hakuwa Kombo tena. Alikuwa mwingine, na kabla yake walikuwa wamekwisha kupita wengine.

Nilimuaga siku ya pili yake. Alinisindikiza mpaka kizingitini, akashika mwimo wa mlango ili miguu isimwangushe. Alifariki mwezi wa Aprili, barabara ya Pangani imekatwa na mvua, nami nikakuta matanga yamekwisha anuliwa.

"Watoto wako wa shule wakitaka kuja kwenye hiyo ngoma, wakataze," aliniambia pale kizingitini. "Nilimtuma Tuhfa akaniangalilie. Ukuta wameupaka rangi, mwanangu, lakini mlango ni uleule, na komeo lingali kwa ndani."