Kipaa cha Mlango wa Mama Pindo

Walimwita Mama Pindo kwa sababu pindo aliloshona halikufumuka hata nguo yenyewe ikichakaa. Miaka ishirini na sita alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yake, cherehani ikiwa dirishani, na wateja wakiingia moja kwa moja kutoka barabarani. Kasoro ilikuwa moja tu: juu ya mlango hapakuwa na kitu. Mvua ikinyesha, mteja alirowa huku akisubiri kufunguliwa, na komeo nalo lilikuwa bishi. Siku moja bibi harusi alikabidhiwa gauni lake pale kizingitini, wingu likapasuka, gauni likachuruzika maji kabla halijavaliwa. Mama Pindo alilipiga pasi mpaka mkono ukafa ganzi, kisha akamwambia mumewe, "Yamenifika hapa. Nataka kipaa juu ya mlango huu. Cha mbao."

Mumewe, mstaafu wa posta, akashusha gazeti. "Seremala si tunaye? Yuko nyumba ya pili tu."

"Huyo simwombi."

Huyo alikuwa dada yake mume, yaani wifi yake Mama Pindo, aliyejifunza useremala kwa baba yake na kuzeekea humo. Mwaka wa pili huo mawifi hawasemezani, na chanzo chake kilikuwa kidogo kama punje ya mtama. Kwenye shughuli ya familia, wifi alisimama katikati ya watu na gauni aliloshonewa na Mama Pindo, akauliza kama lile ni gauni au gunia. Mama Pindo naye hakumeza. "Afadhali gunia langu linakaa mwilini. Kiti chako kilimbwaga mjomba!" Watu wakacheka, wao wakanuna. Tangu siku hiyo salamu zao zilipitia kwa mume, akawa amerudi kazi ya posta bila mshahara.

Basi Mama Pindo akajinunulia mbao, akaazima msumeno. Mbao si kitambaa kigumu tu? Akapima upana wa mlango kwa utepe wake wa shingoni, akachora kwenye gazeti mkono wa pembetatu, akaukata kwa mkasi kama anavyokata kola. Mikono miwili kama huo ingefungwa ukutani, mmoja kila upande wa mlango, na juu yake paa la mbao. Kwenye karatasi mambo yalikuwa mswano. Kwenye ubao, msumeno uliingia vidole viwili ukagoma. Akavuta, akasukuma, akausema vibaya.

"Wifi," sauti ikatoka ng'ambo ya ua, "unaukata huo ubao au unaukuna?"

"Naukata!"

"Basi uambie, maana wenyewe haujajua."

Mama Pindo alitafuta hasira, akaikosa. Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, na mara wifi yake akawa amekwisha ingia uani na sanduku la vifaa, hata hodi hakupiga. Akaokota ile pembetatu ya gazeti, akaigeuza huku na huku.

"Nani kaichora?"

"Mimi."

"Pembe zimekaa." Kwa mwanamke yule, hiyo ilikuwa sifa ya mwaka mzima. "Ila paa lako umelilaza kama meza. Maji yatatuama, mbao zioze. Lazima liinamie barabarani."

"Liiname kiasi gani?"

"Kiasi cha mtu anayemwamkia mkwewe."

Siku mbili walifanya kazi pamoja. Wifi alikata na kupiga randa, vinyoya vya mbao vikirundikana miguuni. Mama Pindo alipiga msasa na kupaka vanishi, na jicho lake lililozoea mishono liliona kila palipopishana kwa unene wa uzi. Walipotoboa ukuta, tundu moja likamwaga mchanga tu. Wakalisogeza kando mpaka wakapata tofali zima.

Siku ya kufunga, mume alishika ngazi huku amefumba macho, maana kupanda juu kulimtisha hata akipanda mtu mwingine. Mama Pindo alibeba fremu ya kipaa kichwani, wifi akiwa juu na pimamaji. Mara wifi akaanza kujipapasa mifukoni.

"Hkrubu moja imepotea!" akasema kwa kitembe cha ghafla.

"Iko mdomoni mwako, wifi."

Kicheko kikawashika wote wawili, fremu ikatikisika, ngazi ikatikisika.

"Jamani, mtaniua mimi!" mume akalia.

Akikaza skrubu ya mwisho, wifi alisema bila kutazama chini, "Gauni lile lilikuwa zuri. Mimi ndiye niliyenenepa, nikaona aibu kusema."

Mama Pindo akamjibu kutoka chini, "Na mjomba alikibembeza kiti chako juu ya miguu yake miwili ya nyuma. Nilimwona."

"Si nilisema!" Wifi nusura aanguke kwa furaha. "Kiti changu hakikuwa na kosa!"

Wiki iliyofuata mvua ilishuka mchana kweupe. Mama Pindo alisikia minong'ono nje, akakivuta kitasa, akakutana na migongo. Mzee aliyebeba trei ya mayai, mama na mtoto mgongoni, wasichana wawili wa shule, mtu wa baiskeli na baiskeli yake, wote wamejibana chini ya kipaa, wakavu. Nyuma kabisa, nusu yake ikirowa, alikuwepo mumewe na mkate kwapani, ameshindwa kuufikia mlango wake mwenyewe.

Mama Pindo akagonga ubao wa mlango kwa ndani. "Hodi jamani!"

"Karibu, mama!" akajibu mzee wa mayai. "Ila hapa ni kusimama tu, viti hatuna."

Wakasogea kumpisha. Akatoka, utepe ukiwa shingoni, akasimama kati yao.