Barua ya Macho Yenye Nafasi Wazi

Ackson ana meza dukani kwangu, kwenye steshenari yangu hapa Tukuyu, pale dirishani. Ni kijana wa Kawetele, mpole, mwenye tabia ya kutazama ukungu hadi chai ipoe. Nikimwambia, "Ackson, unaota," ananijibu, "Nafikiri, dada Tulia." Mimi naona ni kitu kilekile.

Ndiye aliyetengeneza programu ya kambi ya macho. Unajaza fomu kwenye simu, barua pepe inakuja yenyewe: "Ndugu fulani, fika siku fulani." Unaiprinti, unaonyesha getini. Baba mkwe wangu ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mume wangu yuko safarini na lori, basi fomu nikajaza mimi. Barua ikaja: "Ndugu," halafu patupu. Siku ya Jumanne mlinzi akamrudisha mzee getini. Na madaktari wa kambi wanaondoka Ijumaa.

Nilimsema Ackson mpaka nikachoka. Programu gani inasahau jina la mgonjwa? Akanionyesha barua ya mfano: pana neno "jina" ndani ya mabano, na kompyuta inalitoa na kuweka la mtu. Akajitumia mwenyewe, ikaja "Ndugu Ackson". Akarudia, ikaja vilevile. Nje ilinyesha ile mvua yetu isiyo na haraka, naye akawa anaitazama utadhani jibu limo humo.

Alhamisi asubuhi aliiacha programu, akaanza kusoma fomu zenyewe. Barua zenye patupu zilikuwa kumi na moja. Kwenye fomu zote kumi na moja, penye "wewe ni nani wa mgonjwa", mtu ameandika mkamwana.

Akageuka kunitazama. Nikajifanya napanga karatasi.

"Dada, jina hukuandika."

"Niliandika namba ya kitambulisho. Nikajua kompyuta itajijazia."

Ningefanyaje? Kwetu mkamwana halitamki jina la baba mkwe, wala haliandiki. Miaka kumi na tisa nimelizunguka jina hilo kama mtu anavyozunguka dimbwi. Fomu ilipolitaka nikaruka, nayo ikanikubalia. Siku mbili namsema mtoto wa watu, kumbe kosa ni langu. Niliona aibu sana.

Ackson hakucheka. Alivuka barabara kwenye mvua mpaka kwa fundi viatu, ambako mzee alikuwa akingoja tangu asubuhi, maana kwa mila hiyohiyo mahali nilipo mimi hakai. Akainama, akamuuliza. Kupitia kioo chenye mvuke niliona midomo ya mzee ikisogea. Akarudi, akaandika, akaprinti, akaikunja karatasi mara mbili ili nisiione, akampelekea. Halafu akaanza kupiga simu kwa wale kumi waliobaki. "Shikamoo mama. Naomba umpe simu mzee mwenyewe."

Ijumaa jirani alimsindikiza baba mkwe, akatibiwa. Jumamosi wauguzi wa hapa wakamtoa bandeji. Alipofika nyumbani hakuulizia migomba wala ng'ombe. Alikaa uani, akaitoa ile barua mfukoni, akaisoma polepole. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko. "Ndugu," akasema, kisha jina lake lote, kwa sauti, akalirudia. Nikajikuta nalia, sufuria mkononi.

Ni jina zuri. Usiniulize ni lipi, kamuulize Ackson.