Tarehe Mbili kwenye Pakiti Moja

Kabla ya kompyuta kuja, mimi ndiye niliyekuwa Mzee wa Lebo. Kikundi chetu hapa Masukulu kinasaga unga wa lishe wa ndizi mbichi zilizokaushwa, mahindi na soya, na hakuna pakiti iliyotoka mlangoni bila kupita mikononi mwangu. Niliandika viambato kwa mkono, nikabandika, halafu nikagonga muhuri wa tarehe: siku ya kutengenezwa na siku ya mwisho wa matumizi. Kinamama wa kikundi waliniita kwa jina hilo hata kanisani, nami niliitika kana kwamba nimebatizwa nalo.

Kisha duka moja kubwa la Mbeya mjini likataka unga wetu, ila lebo za mkono wakasema hawapokei. Walitaka namba ya toleo, yaani ya kila mkupuo wa unga uliosagwa pamoja, uzito halisi, viambato vilivyopangwa kuanzia kilicho kingi, na herufi zisizopungua kipimo. Mwenyekiti wetu, mama mwenye sauti inayofika Tukuyu bila simu, akapata programu ya kompyuta inayofanya yote hayo. Unaingiza toleo jipya, inakagua kama kuna kilichosahaulika, ndipo inakubali kuchapa. Na mtu wa kuiendesha akampata nyumbani kwangu: mke wa mwanangu mkubwa.

Hapo lazima nieleze kitu. Kwa sisi Wanyakyusa wa zamani, mke wa mwana na baba mkwe hawaongei wala hawatazamani. Nikitokea njiani, yeye anaingia migombani mpaka nipite. Vijana wengi wameliacha jambo hili. Nyumbani kwangu lilishikwa kwa sababu mama yangu alilishika, na kusema kweli, kwa sababu mimi mwenyewe nililipenda. Miaka sita alikuwa ameolewa kwetu, na sauti yake niliijua kwa kuisikia ikiimba jikoni tu.

Basi ofisini likatundikwa pazia. Yeye ndani na kompyuta yake, mimi nje na mizani na pakiti. Akiwa na neno alimwambia mwenyekiti, mwenyekiti akaniambia mimi, ingawa nilikuwa nimeshasikia.

Wivu ulinianza wiki ileile. Lebo zake zilikuwa nzuri, shetani ashindwe. Nilibandua moja, nikaenda nayo nyumbani, nikapima herufi kwa rula ya shule nikitafuta kosa. Zilitimia. Nikasoma viambato kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Mke wangu akanitazama akacheka.

"Mtu mzima na mvi zako, unamwonea wivu mtoto wa watu?"

Nilimwambia nakagua ubora. Siku afisa wa halmashauri alipotutembelea nilivaa koti langu la Jumapili. Alinisalimia kwa haraka, akaingia nyuma ya pazia, akakaa huko mpaka chai yake ikapoa, akatoka akisema, "Mna mtaalamu humu." Nilivua koti nikaendelea kupima unga.

Lakini kitu kimoja programu ile haikukijua. Kiangazi, kipande cha ndizi kavu ukikivunja karibu na sikio kinalia, ta! Unga wake unakaa miezi sita bila wasiwasi. Mvua zikishika, na mvua ya kwetu mnaijua, hata ukikaushia juu ya moto kipande kinavunjika kimya. Unga huo miezi minne hautoboi. Kila mwaka, mvua zikikolea, nilikuwa napunguza tarehe ya muhuri wangu hadi miezi mitatu. Sikuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuniuliza.

Toleo la kwanza la Aprili likatoka na lebo zake safi: mwisho wa matumizi, Oktoba. Niliziona. Nilikuwa nimevunja kipande cha ndizi zile asubuhi hiyohiyo, na hakikulia. Mwenyekiti alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Nikajiambia kwamba mila hainiruhusu kumsahihisha mkwe wangu, na katoni zikapakiwa kwenda Mbeya. Mila ilinifaa sana siku ile.

Pakiti moja nilienda nayo nyumbani, nikaiweka kabatini juu ya mashuka. Kila Jumapili nikitoka kanisani niliiminya. Mei ilikuwa laini, Juni laini. Julai ilipokaribia kwisha nikasikia mabonge. Nikaifungua, ikanuka uvundo kama gunia lililolala nje. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Siku ya mkutano pale ofisini, yeye akiwa nyuma ya pazia lake, nikaiweka mezani mbele ya kinamama wote.

"Nuseni," nikasema. "Halafu msome tarehe aliyoweka mtaalamu wenu."

Mwenyekiti akanusa, akakunja uso, akampa wa pili. Ilipomrudia aliigeuza chini juu.

"Na huu muhuri wa nani?"

Nilikuwa nimesahau. Siku ile ya Aprili, kabla ya kuifungia kabatini, nilikuwa nimegonga muhuri wangu chini ya pakiti: imetengenezwa Aprili, mwisho Julai. Hakuna aliyenituma. Mkono wangu haukuzoea kuweka pakiti yenye tarehe ya uongo.

"Mzee wa Lebo," mwenyekiti akasema, na safari hii sauti yake haikufika hata dirishani. "Kumbe ulijua tangu siku ya kufungasha. Na watu wanawapikia watoto uji."

Akachukua simu akatoka nje kuwapigia wa Mbeya waondoe dukani pakiti zote za toleo lile. Kinamama walitazama mikono yao. Ndipo pazia likatikisika.

"Baba," sauti ikasema. "Si ungeniambia tu."

Miaka sita, na hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu. Nilitafuta hasira ya kuvunjiwa heshima, sikuipata. Nilipata aibu, na chini ya aibu, wivu wangu uleule ukiwa umekaa palepale.

"Ulijuaje, baba?"

Ningeweza kunyamaza. Nikalieleza pazia: kipande, sikio, mlio, miezi. Nikasikia vibonye vya kompyuta vikianza kugongwa, maana alikuwa anaongeza swali kwenye programu, ili lebo isichapwe mpaka mtu ajibu kama ndizi imelia.

"Polepole, baba," akasema. "Nisiruke kitu."

Nikarudia polepole, neno moja moja, nikisikia kitu pekee nilichobaki nacho kikihamia upande wa pili wa pazia.