Mwiko kwa Mkoba

Kijana wa mtani wangu alikuja Handeni Jumapili iliyopita kunionyesha bastola yake mpya. Ana duka la pembejeo Korogwe, limevunjwa mara mbili, na leseni ameipata baada ya kuzungushwa ofisi hadi ofisi mpaka soli za viatu zikaisha. Alikuja na binti yake wa darasa la tatu, ambaye alikaa barazani akamenya machungwa yangu bila kuomba, kama watani wanavyofanya. Baba mtu akaniamkia, akaketi, akakiweka kile chuma mezani, juu ya kitambaa nilichokifuma kwa mikono yangu.

"Usiogope, mama, haina kitu," akasema. "Nimeshatoa magazini."

Maneno hayo nayajua. Niliwahi kujiambia mwenyewe, miaka minane iliyopita, nikiwa na uhakika kama wake. Nikamwambia aiache hapo hapo ilipo, asiiguse, anisikilize kwanza.

Mimi hununua mahindi. Mwaka ule nilikuwa nimevamiwa ghalani mchana kweupe, nikaomba leseni, nikanunua bastola ndogo inayoenea kiganjani. Watu walinicheka sana, mama wa Kizigua na ushungi wake na bastola mkobani. Aliyenifundisha kuitumia alikuwa askari mstaafu, mzee mkali asiyependa maswali. Alinikaririsha hatua nne kama mtoto wa chekechea: toa magazini, vuta nyuma chuma cha juu, tazama chumba cha risasi kwa jicho, gusa kwa kidole.

"Magazini ni ghala la risasi tu," alisema. "Ukiondoa ghala, risasi iliyokwisha kuingia chumbani bado imo. Na bastola yako hiyo inafyatua hata kama magazini haipo. Kwa hiyo haina kitu mpaka kidole kiseme."

Niliona ananirefushia somo. Nina kichwa kigumu, marehemu mama yangu alilisema hilo mapema.

Siku shangazi yangu alipofariki Kwamndolwa, simu ilinikuta ghalani. Niliingia kwenye gari nilivyo, bastola ikiwa mkobani. Barabarani nikakumbuka kwamba msibani sipaswi kwenda na silaha, lakini nilikuwa nimeshafika mbali na mazishi ni baada ya adhuhuri. Nikaegesha pembeni, nikatoa magazini, nikaifungia kwenye droo ya gari. Bastola yenyewe sikuiacha, kwa sababu mzee alinikataza kuacha silaha ndani ya gari. Nikajiona mwanafunzi bora kabisa. Kidole hata sikukikumbuka.

Sasa, asiye wa kwetu ajue jambo moja. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Pale Ngombezi, jirani na Kwamndolwa, kuna familia za Kinyamwezi ambazo babu zao walikuja kukata mkonge wakabaki, na msiba wa Mzigua wakiukosa hao haujakamilika. Wanakuja kuliwaza kwa vituko. Watamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, watakaa juu ya mkeka wa wafiwa na kudai chai, watakupora viatu mpaka uvikomboe. Na mtani hakasirikiwi. Ukinuna ndio umewapa ngoma ya kucheza.

Mama wa kijana huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wao. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya kengele, siku hiyo kambeba mjukuu wake mgongoni kwa khanga. Mimi nilikaa na wanawake wenzangu uani, mkoba nimeubana kwapani. Hilo lilikuwa kosa la pili. Mtani hataki mali yako, anataka kile unachokibana.

Sikumwona akija. Nilihisi mkoba umechomoka tu.

"Mzigua kaja na sukari ya msiba kaificha kwapani!" akapiga kelele, na uani kote wakaangua kicheko. Akaanza kucheza nao, akiurusha huku akiudaka huku, na yule mtoto mgongoni akitikisika na kucheka. "Mzito huu, jamani! Kabeba mafiga ya kwao!"

Hapo ndipo sauti ya mzee ikanijia: mpaka kidole kiseme. Nikajiuliza, je, nilivuta? Nilitazama? Kumbukumbu yangu ilikuwa na magazini tu. Baada ya magazini hakuna kitu.

"Mtani, nirudishie," nikasema. "Sifanyi mzaha. Nirudishie, kweli."

"Anasema kweli!" akawaambia wenzake, na kicheko kikazidi. Neno kweli katika utani ni kichekesho kuliko vyote. Nikafikiri kupiga kelele kwamba ndani kuna bastola, nikaona wanawake hamsini na watoto wao wakikimbia kupitia mlango mmoja, na yeye akiutupa mkoba chini kwa woga. Nikanyamaza. Naye akafungua zipu, akaanza kuingiza mkono taratibu, huku kafumba macho kama mganga anayetafuta hirizi.

Sijui akili ile ilitoka wapi. Nadhani ilitoka kwa shangazi mwenyewe, maana alikuwa bingwa wa utani. Niliruka mpaka jikoni, nikanyakua mwiko mkubwa wa mpishi, nikasimama mbele ya sufuria la wali.

"Wanyamwezi leo mnalala njaa!" nikapaza sauti. "Hakuna punje itakayotoka humu mpaka mkoba wangu uje umefungwa zipu! Na uletwe kwa mikono miwili, kama bibi harusi!"

Uani kukalipuka kwa vigelegele. Mkono wake ukasimama ndani ya mkoba, niliuona, ukasimama pale kwa muda ambao mpaka leo unanirudia. Kisha ukatoka mtupu. Akafunga zipu. Akaja kwangu anatembea kwa maringo, mkoba kaulaza mikononi, na mtoto akichungulia begani.

"Mwiko kwa mkoba, mtani," akasema.

"Mwiko kwa mkoba," nikajibu, na tukabadilishana.

Niliingia kwenye chumba cha stoo cha shangazi, nikafunga mlango. Nikaielekeza bastola kwenye magunia ya mahindi yaliyopangwa ukutani, nikavuta nyuma. Risasi moja ikaruka, ikaanguka sakafuni, ikabingirika mpaka chini ya kinu. Nilipiga magoti nikaifuata, nikaishika, nikalia. Nililia kwa raha, sina neno jingine. Nilisema alhamdulillahi mpaka ulimi ukakauka. Wanawake waliosikia kilio wakaingia, bastola na risasi nimeshazirudisha mkobani, wakadhani namlilia shangazi, wakanikumbatia, wakaniambia pole dada, ndiyo dunia. Nikawaacha wadhani hivyo. Baadaye kidogo nikamlilia shangazi pia.

Hayo ndiyo niliyomsimulia kijana Jumapili ile. Chai yake ilikuwa imepoa.

"Mtoto aliyekuwa mgongoni," akasema, "ni yupi?"

Nikamwelekeza kwa kidevu barazani, ambako maganda ya machungwa yalikuwa yameanza kuwa lundo. Akageuka kumtazama binti yake. Kisha akaichukua bastola, akageukia ukuta nilikopanga magunia yangu ya mahindi, kidole kakiweka mbali na kifyatulio. Akavuta. Akatazama. Akagusa.

"Haina kitu," akasema.

"Rudia."

Akarudia. Haikuwa na kitu kweli, na wote wawili tukashusha pumzi kama watu waliotua mzigo. Nikamwambia sina ushauri mwingine zaidi ya huo, ila msibani asiende nayo kamwe, hasa msiba wenye watani.

Ndipo akaanza kucheka, macho yamejaa maji. "Kumbe ndio ule mwiko! Mama anao mpaka leo, anasongea ugali. Anajisifu kwa majirani kwamba alimpora Mzigua msibani."

"Mwache ajisifu," nikasema.

"Huyu hapo nje," akasema, "amekua kwa ugali wa mwiko ule."

Nikamwita yule binti aje ndani, nikamwongezea machungwa mawili.