Nyumba Tuliyoichagua kwa Rundo la Pumba

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniwekea simu mbele ya macho. Anataka kuwapeleka watoto wake mjini wakati wa likizo, na mle ndani kulikuwa na hoteli tatu, kila moja na mahali pa kuchezea watoto: hii ina bembea za rangi, ile ina bwawa, ya tatu ina nyumba ya plastiki yenye mahali pa kuteleza. Nyanya, tuchague ipi? Nikahesabu bembea. Nikahesabu tena, unanijua. Sita. Nikamwuliza, na watoto wa kuzichezea wako wapi? Akasema picha hizi hupigwa asubuhi, watoto wakiwa wamelala. Nikamwambia atafute hoteli ambayo mpiga picha wake huchelewa kuamka. Akacheka, akaondoka na simu yake, akaniacha niko Kasongo ya wakati wa utawala wa Wabeleji, nikiwa na miaka minane au tisa. Nasema minane au tisa kwa sababu nyanya yangu alihesabu miaka kwa mavuno ya mpunga, na mwaka mmoja mpunga ulikataa.

Sisi tulikuwa watu wa upande wa Kabambare. Baba alifanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu huko Salamabila, na mtu wa machimbo hakuondoka kwa kutaka kwake. Mama alikuwa na mimba, ikamlemea, miguu ikavimba, na mwuguzi wa zahanati akasema apelekwe lopitali ya Kasongo haraka. Walimpakia kwenye kamio, lori la mizigo, juu ya magunia ya pamba. Siku chache baadaye nyanya, mama yake mama, akaamua kumfuata na kutuchukua sote: mimi wa kwanza, mdogo wangu wa kike, ndugu yetu wa kiume, na yule wa mwisho, ambaye alikuwa amejua kutembea lakini hajajua kurudi.

Sasa, rafiki, nikueleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa yaliyotupata. Kwetu watoto hawakuhesabiwa. Mbuzi unahesabu, kuku unahesabu, vikapu vya mpunga unahesabu hata mara mbili. Lakini mtoto ukimtaja kwa namba, unamwonyesha kwa kitu ambacho hukukiita. Nyanya alituhesabu kwa majani. Wakati wa kula kila mmoja alipewa chakula chake juu ya kipande cha jani la mgomba, na majani yote yakirudi yamelambwa, basi watoto wote wako. "Hesabu majani, usihesabu watoto," ndivyo alivyosema, na sikumbuki wakati ambapo sikujua maneno hayo.

Enzi hizo hukutoka kwenu kwenda kwa wengine bila karatasi ya ruhusa. Karani akamwuliza nyanya ana watoto wangapi. Akajibu, "Wako wa kutosha." Karatasi ya karani haikuwa na nafasi ya "wa kutosha". Akatunyooshea kalamu mmoja mmoja, akaandika. Njia nzima nyanya aliilaumu kalamu ile. Kamio ilipozama matopeni, ni kalamu. Mdogo wangu alipotapika juu ya mzigo wa watu, ni kalamu.

Tulipofika Kasongo, kazi ya kwanza ilikuwa kutafuta pa kulala. Watoto hawakuruhusiwa ndani ya lopitali, na nyanya angekuwa huko tangu asubuhi hadi jua linazama. Kwa hiyo hakutafuta kitanda. Alitafuta uwanja utakaotushika yeye akiwa hayupo.

Nyumba ya wageni ya Wazungu ilikuwepo, na tuliipita. Haikuwa yetu na hakuna aliyehitaji kutuambia. Tulichungulia kwenye ua: nyasi zilizokatwa, bembea mbili za chuma zilizopakwa rangi nyeupe. Nikahesabu mara mbili. Bembea mbili, mtoto hakuna. Mlinzi akatufukuza, lakini kwa upole, kama mtu anayefukuza kuku wa jirani.

Nyumba ya kwanza tuliyokaribishwa ilikuwa ya karani mzee. Paa la bati, sakafu ya saruji, uwanja umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Mimi nilishaanza kuweka mzigo chini. Mwenye nyumba akasema kwa fahari kwamba hapo kwake watoto hawapigi kelele. Nyanya akaitazama ile mistari, akashukuru, tukatoka. Njiani akasema uwanja usio na unyayo mdogo hata mmoja, ama watoto hawapo, ama wanaogopa. Nyumba ya pili ilikuwa na watoto, lakini mwenye nyumba alipokohoa wote walinyamaza. Hapo nyanya hakukaa hata kwenye kiti alichopewa.

Ya tatu ilikuwa parsela, yaani kiwanja, ya mjane mmoja Mwislamu aliyefanya biashara ya mpunga. Haikuwa na ukuta wala ua, imetenganishwa na majirani kwa mistari ya mihogo tu. Mashavu ya akina mama watatu wanaotwanga yalikuwa meupe kwa vumbi. Pembeni kulikuwa na rundo la pumba za mpunga refu kuliko mtu aliyesimama, na watoto wa mtaa mzima walikuwa wakipanda juu ya ukuta wa ghala na kujirusha ndani yake. Kamba ya kubembea ilining'inia kwenye mparachichi, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya zahanati. Nyanya akakohoa kwa nguvu zake zote. Hakuna mtoto aliyegeuka. "Hapa," akasema.

Mjane akauliza tuko wangapi. Nyanya akajibu kama alivyomjibu karani. Mjane hakushangaa, alisema basi atatoa mikeka ya kutosha. Hapo nikajua tumefika kwa watu. Kisha wakaanza kupatana, na hiyo ndiyo shule niliyosoma kuliko shule yoyote. Nyanya akasema chumba hakina mlango. Mjane akajibu kwamba mlango ungewasumbua watoto kuingia na kutoka. Nyanya akasema paa linaonyesha mbingu. Mjane akasema kwa bei hiyo mbingu ameiongeza bure. Walikubaliana kwa mafuta ya mawese na samaki wakavu tuliokuja nao, pamoja na nyanya kumtwangia kidogo kila jioni. Na pumba? Pumba hazina bei, akasema mjane, ila zikitawanyika zirudishwe. Tangu siku hiyo najua kwamba mtu anayekuchekesha wakati wa kupatana hajakupunguzia kitu.

Siku zile bado nazisikia. Michi ilianza kabla ya jua, ikijibizana parsela hadi parsela. Katikati yake adhana, kisha kengele ya misioni, kila mmoja akingoja mwenzake amalize. Mimi niliteka maji, nikachambua mawe kwenye mchele, nikapika sombe, yale majani ya mihogo, kwa mawese mpaka harufu ikatuita wenyewe. Wadogo zangu waliishi ndani ya pumba. Kufikia saa nne asubuhi watoto wote wa mtaa walikuwa na sura moja: nyeupe, yenye macho mawili. Lakini kila jioni nyanya alirudi kutoka lopitali na maneno machache kuliko jana, na alipokuwa akitwanga mpunga wa mjane, alitwanga kama anagombana na mtu.

Siku moja hakurudi kabisa. Mjane akatuambia kwamba mama amepasuliwa, tulale.

Kesho yake mchana nilitandika majani yangu manne kwenye mkeka, nikagawa wali, sombe na samaki wadogo, nikala langu, nikaita. Nikawaona wanakuja mbio, wamejaa vumbi. Kwa mara ya kwanza tangu tufike, kamba ya kubembea haikuwa na mtu. Rafiki, wewe ungefanya nini? Nilibembea mpaka nikaona bati za misioni. Niliporudi majani yalikuwa manne, yamelambwa mpaka yanang'aa. Nikayahesabu mara mbili, nikaridhika.

Ndipo nyanya akaingia anahema. Mtoto amezaliwa, wa kike, mzima. Mama amefungua macho, lakini hataki kula wala kunywa. Ameshika neno moja kichwani: kwamba mtoto wake mmoja amekufa na watu wanamficha. Sista amekubali tuonekane dirishani, tangu gongo la saa tisa, kile chuma kinachogongwa getini, hadi gongo la pili, basi.

"Wamekula wote?" akaniuliza.

"Majani yote yamerudi, nyanya."

Akachukua birika, akaanza kutunawisha nyuso haraka haraka. Mdogo wangu wa kike. Ndugu yetu. Kisha akamvuta yule mdogo, maji yakapita usoni, na kutoka kwenye vumbi akatokea mtoto wa watu.

Tulimtazama. Naye alitutazama, akajilamba vidole.

"Mutoto huyu ni wa nani?" mjane akauliza.

"Wa mama," akajibu mtoto.

Nyanya hakupiga kelele. Aliketi juu ya kinu kilicholala, akasema polepole kwamba akienda kule na pengo, atakuwa amemwua binti yake kwa mkono wake. Hakunitazama, na hilo ndilo lililonichoma. Watu wakakimbilia kisimani. Mimi nilikimbilia pumba. Nilikuwa nimeona jinsi zinavyommeza mtu hadi kifuani, na yeye kifua chake kilikuwa karibu na ardhi. Nikachimba kwa mikono miwili, pumba zikirudi kila nilipozitoa, puani, machoni, na nikiwa humo ndani nikasikia gongo la saa tisa.

Aliyetuokoa ni mjane. Alikuwa amesimama tu, akimtazama yule mtoto mgeni na tumbo lake lililojaa.

"Huyu amekula kwenu," akasema. "Basi kwao jani lake lilibaki bila mwenyewe, na huenda wenu ndiye aliyelilamba."

Akamshika mkono, akamwambia atupeleke kwao. Mtoto akapita kwenye mihogo bila haraka. Kwenye nyumba ya tatu kutoka kwetu, mke wa katekista alikuwa akimenya karanga mlangoni. Mjane akamwuliza kama watoto wake wote wako. Wako, akasema, wamekula, majani yamerudi yote, amehakikisha mwenyewe. Kisha akamwona mwanawe ameshikwa mkono na mjane, na karanga zikamwagika.

Ndani, kwenye mkeka, walikuwa wamelala wengi, weupe wote, wamepangana kama samaki kwenye kikapu. Sikuhitaji maji. Mmoja alikuwa amelala huku ameshika sikio la mwenzake, kama alivyozoea kushika la kwangu kila siku. Nilimbeba hivyo hivyo na usingizi wake. Nyanya alimpokea, akampapasa kichwa, mgongo, miguu, akamrudisha kwangu, akasema neno moja: "Mbio."

Tulikimbia. Tulikuwa tunaliona geti la lopitali gongo la pili lilipopigwa, na askari wa geti akaanza kuvuta mnyororo. Nyanya alikuwa nyuma, pumzi zimemwisha. Nikasimama mbele ya yule askari, na nikasema kitu ambacho hakuna mtu wa nyumbani kwetu alikuwa amewahi kukisema kwa mdomo.

"Baba, tuko wane. Mama iko dirishani, anangoja wane. Amesema mmoja amekufa. Ukifunga, atajua tumekufa wane."

Askari akatuhesabu kwa kidole. Nyanya alifika wakati ule ule, akaona kile kidole, akafumba macho. Askari akatazama jua, akatazama lile gongo lake.

"Pengine nimeligonga mapema," akasema, na akafungua.

Mama alikuwa ameinuliwa juu ya mito, sista amemshika bega. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Macho yake yalianza kwangu, yakaenda hadi mwisho, yakarudi, yakaenda tena. Yule wa mwisho, ambaye hatukupata nafasi ya kumnawisha, akaamka mabegani mwangu, akamwona, akajipiga tumbo.

"Nimekula," akamwambia.

Mama akacheka. Alicheka huku ameshika mshono, sista anamkataza, anacheka tena, machozi yakishuka hadi masikioni. Kisha akaomba maji ya kunywa. Nyanya akaegemea ukuta wa lopitali. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akiegemea kitu. Njiani kurudi hakunigombeza. Alinikatia kipande cha muwa kama mtu mzima.

Mama aliishi miaka mingi sana. Yule mtoto wa lopitali ni nyanya wa watu sasa. Kuhusu hesabu niliyoisema getini, nyanya alingoja ubaya wake mwezi mzima. Haukuja, akasema labda namba ikisemwa kwa kuomba haidhuru.

Nilipita Kasongo tena nikiwa na nywele nyeupe zangu mwenyewe, si za vumbi. Parsela ya mjane imezungushiwa ukuta wa matofali, juu yake vipande vya chupa. Mpunga unakobolewa kwa mashine mbali huko. Mihogo ya mipakani imekwisha, kila nyumba ina geti lake, na nyuma ya kila geti watoto wako salama, wasafi, kila mmoja anakula kwao. Silaumu. Kwangu pia nimejenga ukuta, tena nilipatana na fundi siku mbili ili auongeze mstari mmoja. Ila siku hizi mtoto akipotea tunapiga simu na tunalia. Wetu alipotea Kasongo, mji wa watu tusiowajua, na tulipompata alikuwa ameshiba.